Kutumia Kumbukumbu za Vifo za Serikali Katika Utafiti wa Ukoo: Mwongozo Kamili

Cheti cha kifo kina mhuri wa serikali, na mhuri huo ndio unaowapoteza watafiti wengi. Mhuri unathibitisha jambo moja tu: kwamba msajili aliandika kilichoripotiwa mbele yake. Ukweli wa kile kilichoripotiwa ni suala jingine. Aliyejua vizuri lini na wapi marehemu alizaliwa, na mama yake aliitwaje, kwa kawaida alikwisha kufa zamani, na marehemu mwenyewe hakuwepo kujibu. Aliyejibu ni mtoto, mkwe, jirani, au mlinzi wa hospitali, tena akiwa msibani, amechoka, na mazishi yanamsubiri.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila kisanduku cha cheti ni hili: aliyesema hili ni nani, na alijuaje? Hatua zote zilizo hapa chini zinalitumikia swali hilo.

Kabla ya kutafuta: weka mipaka ya miaka

Usianze na mtandao. Anza na karatasi. Andika tarehe ya mwisho ambayo una ushahidi kwamba mtu wako alikuwa hai, kisha tarehe ya kwanza ambayo una ushahidi kwamba alikuwa amekwisha kufa. Kifo chake kiko katikati, na kadiri pengo linavyokuwa dogo ndivyo utafutaji unavyokuwa rahisi.

Ushahidi wa uhai ni kama sensa, daftari la wapiga kura, sahihi yake kama shahidi wa ndoa, au kuzaliwa kwa mtoto wake. Hapo kwenye mtoto kuwa mwangalifu: mama lazima alikuwa hai siku ya kujifungua, lakini baba anaweza kuwa alifariki hadi miezi tisa kabla. Ushahidi wa kifo ni kama mkewe kuandikwa mjane, faili la mirathi, au cheti cha ndoa ya mtoto kinachomtaja mzazi kuwa marehemu. Mitego ni miwili. Neno "marehemu" likikosekana kwenye cheti cha ndoa, usihitimishe kwamba mzazi alikuwa hai. Makarani wengi hawakuuliza na maharusi wengi hawakusema. Na neno "mjane" likiwepo, usihitimishe kwamba mume alikufa. Wanawake walioachwa au kutelekezwa wamejiita wajane mara nyingi sana, kwa sababu jibu hilo lilifunga maswali.

Jua unashika nyaraka ya aina gani

Watu husema "nimeipata rekodi ya kifo" wakimaanisha vitu vinne tofauti. Kuna daftari la asili, lililoandikwa na msajili mbele ya mtoa taarifa. Kuna nakala iliyopelekwa makao makuu, ambayo karani mwingine aliinakili kwa mkono. Kuna faharasa, yaani orodha ya majina inayokuelekeza kwenye daftari. Na kuna orodha za kiutawala, zilizotengenezwa na mamlaka za pensheni au takwimu kwa kazi zao, ambazo hazikukusudiwa kuwa historia ya mtu yeyote. Kila mara taarifa inaponakiliwa, kosa jipya linaweza kuingia. England na Wales ni mfano mzuri: wasajili wa wilaya walipeleka nakala za maingizo makao makuu kila robo mwaka, kwa hiyo cheti kinachotoka makao makuu kinatokana na nakala, na daftari la asili limebaki wilayani. Pale jina linapoonekana la ajabu kwenye cheti cha makao makuu, kuomba nakala kutoka ofisi ya wilaya kumewahi kutatua mengi.

Kisha jua usajili ulianza lini mahali husika na kipi kiliandikwa wakati huo, kwa sababu tofauti ni kubwa. Ufaransa iliuweka usajili mikononi mwa serikali za miji na vijiji kwa sheria ya tarehe 20 Septemba 1792. England na Wales zilianza tarehe 1 Julai 1837. Uskoti ilianza mwaka 1855, Ireland mwaka 1864. Marekani hakuna daftari moja la taifa. Kila jimbo lina lake. Massachusetts ilianza mapema, mwaka 1841, lakini serikali kuu ilipoanza kukusanya takwimu za vifo kwa utaratibu mwaka 1900, ni majimbo 10 tu pamoja na mji mkuu yaliyokuwa na usajili wa kuaminika, na yote hayakuwa yameingia hadi mwaka 1933. Mtu akikwambia babu yako wa Texas wa mwaka 1890 "hana cheti cha kifo", huenda hakikuwahi kuwepo.

Yaliyoandikwa nayo yanatofautiana. Cheti cha Uskoti kinataja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la ukoo ambamo mama alizaliwa. Daftari la mwaka 1855 lilikwenda mbali zaidi: mahali pa kuzaliwa, na hata majina na umri wa watoto, mambo yaliyoondolewa mwaka uliofuata kwa kuwa yaliwaelemea wasajili. Mwenye jamaa aliyefia Uskoti mwaka huo mmoja ana bahati ya pekee. Cha England cha karne ya 19, kwa upande mwingine, hakitaji wazazi wa mtu mzima kabisa. Usikae ukisubiri cheti kikupe jina la mama wakati fomu yake haina kisanduku hicho.

Orodha za kiutawala zinasema nini hasa

Sehemu hii inastahili muda, kwa maana ndiyo inayotumika zaidi na kueleweka vibaya zaidi. Orodha maarufu kuliko zote ni ile inayotokana na mafaili ya Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi SSDI. Namba za hifadhi ya jamii zilianza kutolewa mwaka 1936, lakini orodha yenyewe ina watu wengi waliofariki kuanzia mwaka 1962, pale kazi ilipoanza kufanywa kwa kompyuta. Ina jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kifo na namba.

Tazama sasa kile ambacho haisemi. Haisemi mahali pa kifo. Ingizo likionyesha "makazi ya mwisho", hiyo ni anwani ya posta iliyokuwa kwenye faili la mamlaka, na bibi aliyehamia kwa binti yake jimbo jingine miezi sita kabla ya kufa anaweza bado kuonekana kwenye anwani yake ya zamani. Ukiomba cheti kwenye jimbo hilo la zamani utajibiwa kwamba hakipo, nawe utadhani orodha imekosea. Haisemi mahali pa kuzaliwa. Tarakimu tatu za kwanza za namba zilionyesha mahali kadi ya namba hiyo ilikoombwa, hadi utaratibu huo ulipobadilishwa kuwa wa nasibu tarehe 25 Juni 2011, lakini zamani kadi iliombwa mtu alipoanza kazi, na watu huenda mbali kutafuta kazi. Katika maingizo mengi ya zamani siku ya kifo haipo, kuna mwezi na mwaka tu. Programu nyingi za mti wa ukoo zikikuta nafasi tupu hujaza tarehe 1, na hivyo ndivyo miti mingi ilivyojaa watu waliokufa tarehe 1 ya mwezi.

Kutokuwemo ndani ya SSDI pia hakuthibitishi chochote. Ambaye hakuwa na namba, au ambaye kifo chake hakikuripotiwa kwa mamlaka hiyo, hayumo. Mwaka 2011 rekodi karibu milioni 4.2 ziliondolewa kwenye toleo la umma, kwa sababu zilitokana na taarifa za majimbo ambazo sheria haikuruhusu zitolewe. Kuanzia mwaka 2014, kifo kipya hakifunguliwi kwa umma hadi miaka mitatu ya kalenda ipite. Na wapo watu hai waliowahi kuingizwa humo kwa kosa la kuandika namba.

Thamani yake kubwa ni nyingine: namba hiyo inakuwezesha kuomba nakala ya fomu SS-5, ile ambayo marehemu aliijaza mwenyewe alipoomba kadi. Ina mahali pa kuzaliwa, jina la baba, na jina la mama kabla ya kuolewa. Mtu mwenyewe, akiwa hai na mwenye akili timamu, ndiye aliyejibu. Kwa majina ya wazazi, fomu hiyo ina uzito kuliko cheti cha kifo kilichojazwa miaka 50 baadaye na mkwe.

Ufaransa nayo ina orodha ya taasisi ya takwimu, INSEE, ya waliofariki tangu mwaka 1970, ambayo iko wazi kwa umma. Inatoa mahali pa kuzaliwa na mahali pa kifo, hivyo ukitoka hapo unakwenda moja kwa moja kwenye daftari la kuzaliwa. Tena tangu mwaka 1945 wasajili wa Ufaransa wanatakiwa kuandika kifo pembeni mwa ingizo la kuzaliwa. Soma pembezoni mwa ukurasa kila mara. Huko ndiko kwenye ndoa, talaka na vifo ambavyo watu wameshindwa kuvipata.

Kutafuta jina ndani ya faharasa

Tafuta kwa upana kwanza, kisha banisha. Weka jina la ukoo na miaka, acha jina la kwanza, uone ni wangapi. Ukikosa, acha jina la ukoo na utafute kwa jina la kwanza, mwaka na wilaya. Tumia alama ya nyota mahali pa herufi zenye utata. Waandishi wa mkono wa zamani huchanganya "u" na "n", "L" na "S", "T" na "F", "J" na "I". Kwenye tarakimu ni 1 na 7, 3 na 8. Anayenakili faharasa leo, awe mtu au mashine, hukosea mahali pale pale. Utafutaji wa kufuata sauti unasaidia, ila mfumo wa Soundex hushikilia herufi ya kwanza jinsi ilivyo, kwa hiyo kosa likiwa kwenye herufi ya kwanza mfumo huo hautakuokoa. Badilisha herufi hiyo mwenyewe.

Mwanamke mtafute kwa jina la kila ndoa, na pia kwa jina alilozaliwa nalo. Mtoto mchanga anaweza kuwa ameandikwa bila jina, kwa jinsia tu. Mtu aliyejulikana maisha yake yote kwa jina la pili huenda cheti kikamtaja kwa jina hilo tu.

Kumbuka pia kwamba kifo husajiliwa mahali kilipotokea, si mahali mtu alipoishi. Hospitali kubwa, makao ya wazee na vituo vya wagonjwa wa akili mara nyingi vilikuwa wilaya jirani. Na faharasa nyingi hufuata tarehe ya kusajili. Katika faharasa za England na Wales, zilizopangwa kwa robo mwaka hadi mwisho wa mwaka 1983, aliyefariki tarehe 29 Desemba na kusajiliwa tarehe 2 Januari yuko kwenye robo ya Machi, yaani Januari hadi Machi, ya mwaka unaofuata. Kifo kilichopitia kwa hakimu mchunguzi wa vifo kinaweza kuchelewa miezi kadhaa. Tafuta hadi mwaka mzima baada ya tarehe unayoidhania.

Usipopata kitu, andika ulichotafuta: faharasa ipi, majina gani, miaka ipi, wilaya zipi. Bila hivyo utarudia kazi ile ile mwakani. Kisha fikiria sehemu zinazoachwa nje ya daftari la kawaida: waliofia baharini, wanajeshi, na waliofia nchi za nje na kusajiliwa ubalozini. Hao kwa kawaida wana madaftari yao.

Wenye jina moja

Hapa ndipo miti mingi ya ukoo inapoharibika. Faharasa inatoa jina linalofanana, mwaka unaofaa, wilaya inayofaa, na mtafiti anamchukua wa kwanza. Usifanye hivyo. Orodhesha kila mwenye jina hilo, na majina yanayokaribiana nalo, aliyekufa ndani ya mipaka yako ya miaka na eneo lako. Kisha jaribu kumwondoa kila mmoja: huyu alikuwa na mke mwingine, huyu umri wake unapishana miaka 20, huyu anaonekana akiwa na wazazi wengine. Aliyebaki baada ya wenzake kuondolewa kwa ushahidi ni mtu wa kuaminika kuliko aliyechaguliwa kwa kupendeza. Wakibaki wawili, andika kwamba wamebaki wawili.

Kwa kukubali, tafuta mambo matatu yanayokubaliana na yanayotoka kwenye vyanzo tofauti, zaidi ya jina na mwaka: kazi, anwani, jina la mwenzi, au mtoa taarifa ambaye unamjua kutoka kwingine. Anwani ya mtoa taarifa ikilingana na anwani ya binti kwenye sensa, kwa kawaida kazi imekwisha.

Jaribio jingine husahauliwa mno. Unapopata ingizo la kuzaliwa la mtu wako, tafuta vifo vya watoto wenye jina hilo kwa miaka mitano iliyofuata katika wilaya hiyo. Zamani familia nyingi zilimpa mtoto aliyefuata jina la mwenzake aliyefariki. Ukikuta mtoto wa jina hilo na wazazi hao alikufa na miezi minane, tarehe ya kuzaliwa uliyoiandika ni yake yeye, na mtu wako alizaliwa baadaye.

Kuagiza nakala

Nakili rejea yote ya faharasa kabla ya kuagiza. Kwa England na Wales ni mwaka, robo, wilaya, juzuu na ukurasa. Ukipewa hiari, chagua nakala ya picha ya ukurasa wa daftari badala ya cheti kilichochapwa upya, na cheti kamili badala ya kifupi. Cheti kifupi huacha nje mtoa taarifa, na bila mtoa taarifa umepoteza nusu ya thamani. Nakala isiyothibitishwa kwa ajili ya utafiti, pale ofisi inapoitoa, inatosha. Mhuri hauongezi kitu kwa mtafiti wa ukoo. Sheria za nani anaruhusiwa kupata cheti cha karibuni hutofautiana sana, kwa hiyo soma masharti ya ofisi husika kabla ya kutuma malipo.

Soma cheti vipande vipande

Cheti ni mkusanyiko wa kauli za watu watatu au wanne waliowekwa kwenye karatasi moja. Tarehe na mahali pa kifo hutoka kwa aliyekuwepo au kwa hospitali. Sababu ya kifo hutoka kwa daktari au hakimu mchunguzi. Tarehe ya mazishi na makaburi hutoka kwa wasimamizi wa mazishi. Umri, kazi, mahali pa kuzaliwa, wazazi na ndoa hutoka kwa mtoa taarifa. Tarehe ya kusajili ni ya msajili mwenyewe, naye ndiye shahidi pekee aliyeandika jambo alilolifanya siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo anza kusoma kutoka kwa mtoa taarifa. Nani huyu? Ana uhusiano gani na marehemu? Aliishi wapi? Je, alikuwepo wakati wa kifo? Alitia sahihi, au aliweka alama? Aliyeweka alama hakuweza kusoma alichoandikiwa, kwa hiyo tahajia za majina ni za msajili na masikio yake. Kisha pima mtoa taarifa dhidi ya kila kauli. Mjane anajua kazi ya mumewe na miaka ya ndoa. Jina la mama mkwe aliyefariki kabla yeye hajaolewa amelisikia tu. Mtoto wa kwanza anajua zaidi ya kitinda mimba. Msimamizi wa makao ya wazee anajua kilichoandikwa kwenye fomu ya kupokelewa, basi.

Tazama kisanduku kimoja kwa karibu: jina la mama wa marehemu. Mara nyingi utakuta hali moja kati ya hizi. Jina la kwanza lipo na jina la ukoo ni la baba, maana yake mtoa taarifa hakujua alikotoka mama huyo. Au kuna jina la mke wa marehemu, kwa kuwa aliyeulizwa "mama aliitwa nani?" alikuwa mtoto, akamtaja mama yake mwenyewe. Au wazazi wote wawili waliotajwa ni wa mtoa taarifa, kwa swali lile lile kueleweka vibaya. Ukiona jina la mama wa marehemu linafanana na la mkewe, simama hapo kwanza. Linganisha na cheti cha ndoa kabla ya kuliingiza popote. Neno "haijulikani" kwenye kisanduku hiki ni jibu la uaminifu, na lina faida kuliko jina la kubahatisha.

Mahali pa kuzaliwa nako hukuzwa. Watu hutaja mji mkubwa ulio karibu na kijiji, au nchi kwa jina la sasa wakati mpaka ulibadilika. Chukulia kisanduku hicho kama dokezo la mkoa wa kuanzia.

Mwisho, angalia pengo kati ya tarehe ya kifo na tarehe ya kusajili. Siku mbili ni kawaida. Miaka miwili inadai maelezo: pengine amri ya mahakama, mirathi iliyohitaji cheti, au maiti iliyopatikana baadaye. Na soma maingizo ya juu na ya chini kwenye ukurasa huo. Vifo vitano vya mlipuko mmoja wa homa mtaa mmoja vinaeleza kile ambacho ingizo moja haliwezi. Ukiona rejea ya marekebisho, ifuate. Uskoti ina daftari la pekee la maingizo yaliyosahihishwa, na huko ndiko matokeo ya uchunguzi wa vifo vya ajali yalikoandikwa.

Umri na hesabu ya tarehe ya kuzaliwa

Umri ukiwa wa miaka tu, unatoa kipindi cha mwaka mzima. Aliyefariki tarehe 4 Aprili 1902 akiwa na miaka 58 alizaliwa kati ya tarehe 5 Aprili 1843 na 4 Aprili 1844, kama umri ni sahihi. Andika kipindi hicho, usiandike "1844". Umri unaoishia na 0 au 5, hasa kwa wazee, mara nyingi ni makadirio. Ongeza miaka mitano kila upande. Na maneno "katika mwaka wake wa 58" yanamaanisha alikuwa ametimiza 57.

Ukiwa na miaka, miezi na siku, hesabu hivi. Marehemu alifariki tarehe 9 Machi 1884, umri miaka 67, miezi 5, siku 21. Anza na siku: 9 haitoshi kutoa 21, kwa hiyo azima mwezi uliotangulia. Februari 1884 ulikuwa na siku 29, kwa kuwa mwaka ulikuwa mrefu: 9 na 29 ni 38, ukitoa 21 unabaki na 17. Mwezi sasa ni wa 2. Azima mwaka, upate 14, toa 5, unabaki na 9. Mwaka ni 1883, toa 67, unabaki na 1816. Jibu ni tarehe 17 Septemba 1816. Lakini karani aliyehesabu kila mwezi kuwa na siku 30 angeanzia tarehe 18. Kwa hiyo tarehe ya namna hii iandikwe kuwa imekokotolewa, na uiruhusu kupishana siku moja au mbili. Imetokana na umri uliosemwa na mtu, wala haina nguvu ya rekodi ya kuzaliwa.

Kama ukoo ulikuwa Ufaransa, kumbuka kalenda ya Mapinduzi iliyotumika hadi mwisho wa mwaka 1805. Nakili tarehe ya asili pamoja na ile uliyoigeuza. Urusi ilihamia kalenda ya Gregori mwaka 1918, na kabla ya hapo tofauti ilikuwa siku 12 katika karne ya 19 na 13 baada yake.

Sababu ya kifo

Kwenye fomu inayofuata muundo wa Shirika la Afya Duniani, sehemu ya kwanza ni mnyororo: mstari wa juu ni kilichomuua mwisho, na mstari wa chini kabisa uliojazwa ndio chanzo. Soma kutoka chini kwenda juu. Sehemu ya pili ni magonjwa yaliyochangia tu.

Rekodi za zamani zina maneno ambayo hayalingani na utabibu wa leo. Kwenye madaftari ya Kiingereza, phthisis ni kifua kikuu kwa kawaida, apoplexy mara nyingi ni kiharusi, na dropsy ni kuvimba kwa maji, yaani dalili tu, iliyoweza kutokana na moyo, figo au ini. Kuota meno kumeandikwa kuwa sababu ya vifo vya watoto wachanga wengi, kwa vile vifo hivyo vilitokea katika umri huo. Angalia pia kama daktari alithibitisha. England na Wales ilikuwa lazima kuanzia mwaka 1875 tu. Usijenge historia ya magonjwa ya ukoo juu ya cheti kimoja, na usimpe jamaa yako hofu ya ugonjwa wa kurithi kwa neno la karani wa mwaka 1860. Magonjwa yenye aibu yalifichwa, na kujiua kulifichwa zaidi.

Kulinganisha na kuandika

Weka cheti pembeni ya rekodi ya makaburi, tangazo la kifo gazetini, mirathi na sensa. Kuwa makini na uhuru wa vyanzo: jiwe la kaburi, tangazo na cheti vikikubaliana kuhusu tarehe ya kuzaliwa, huenda vyote vitatu vimetoka kinywani mwa binti mmoja, kwa hiyo una shahidi mmoja. Vikipishana, mpe uzito aliyekuwa karibu na tukio kwa wakati na kwa mahali. Jiwe la kaburi linaweza kuwa limewekwa miaka 20 baadaye, kwa fedha za wajukuu.

Nakili cheti neno kwa neno, pamoja na makosa yake. Maoni yako yaandike mbali. Kwa kila taarifa weka rejea: ofisi, daftari, mwaka, namba ya ingizo, na kama uliona picha ya daftari au faharasa tu. Ongeza mtoa taarifa na uhusiano wake na marehemu. Mtu atakayeisoma kazi yako baada ya miaka 30 ataweza kupima mwenyewe.

Walio hai

Rekodi ya aliyefariki karibuni ni rekodi ya walio hai pia: ina anwani ya mtoto, jina la mjane, na jina la mama ambalo benki nyingi hulitumia kama swali la usalama. Kabla ya kuipandisha mtandaoni au kuituma kwa jamaa, funika namba za utambulisho, sahihi, na anwani ya mtoa taarifa. Picha ya skani ifunike kwenye picha yenyewe kisha uihifadhi upya. Kisanduku cheusi kilichowekwa juu ya faili la PDF mara nyingi huondolewa kwa kubofya.

Ukikuta kujiua, mauaji, au mtoto ambaye hakuna mtu aliyemtaja, usiliweke jambo hilo kwenye kundi la ukoo. Ongea kwanza na ndugu wa karibu zaidi aliye hai, ana kwa ana ikiwezekana, na umwache aseme ni nani mwingine anapaswa kujua. Kwenye mti wako weka tarehe na mahali pa kifo tu, na sababu ibaki katika nakala yako binafsi. Na mti wenyewe uweke mpangilio wa faragha kwa kila mtu ambaye huna ushahidi wa kifo chake, hata kama hesabu inaonyesha angekuwa na miaka 95.